Samaki wa Ziwa Kivu: Walitoka Wapi?

Katikista mumoja wa upande wa Mubambiro aliniuliza kama samaki wanaofugwa siku hizi "wametengenezwa na wazungu", na kama ni vema kuwalisha watoto. Kumujibu sherti turudi nyuma kidogo.

Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache tu za samaki. Mayi yake ya chini hayana oksijeni, na katikati ya ziwa hapakuwa samaki wa kula vijidudu vinavyoelea juu. Basi, kati ya mwaka 1958 na 1960, Mbelgiji Collart alileta samaki wadogo wa aina mbili kutoka Tanganyika. Aina moja ilipotea. Ya pili ilizaa sana: ndiyo sambaza tunayemujua sote, yule wa kupimwa kwa kopo sokoni. Hakuna aliyegeuza uzazi wake. Alihamishwa tu, kama vile muhogo ulivyotoka Amerika.

Tilapia ana habari nyingine. Katika miaka ya 1950 mabwawa ya Kongo yalipita 100,000, kisha mengi yakaota majani. Mimi sishangai: tilapia huzaa upesi, na bwawa lisilotunzwa hujaa samaki wadogo kama kidole. Mwaka 1988, huko Filipino, wataalamu walianza kuchagua tilapia waliokua upesi, wazazi wao wakitoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Ginsi mufugaji anavyochagua dume la mbuzi, ndivyo walivyofanya, wanaitwa GIFT.

Kisha ugonjwa ulikuja. Virusi vya tilapia vilitambuliwa katika Israeli mwaka 2014, na mwaka 2018 vilitangazwa kuwa katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Havijulikani kumudhuru mutu. Katika bwawa moja la GIFT lililoshambuliwa, jamaa fulani za samaki zilipona kuliko nyingine. Basi nguvu ile inarithiwa, na inaweza kuchaguliwa.

Kupandikiza ni neno lingine kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, kambale walitiwa jeni ya mamba wa kule ili washinde magonjwa. Habari yao ilitoka mwaka 2023, nao walikuwa wa majaribio.

Kwa hiyo nilimwambia katikista asiogope sambaza. Lakini anayeanza bwawa aulize vifaranga vimetoka wapi, na kama huko samaki walikufa kwa wingi; tena asimwage mayi ya njiani ndani ya bwawa lake.