Kiingilio cha Hofu: Paris, 1798 hadi 1962

Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikatwa kichwa Julai 1794. Kabla zamu yake haijafika, gilotini ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 2,500 mjini Paris peke yake. Ungedhani walionusurika wangetaka burudani za upole: muziki, mvinyo, vichekesho. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa 1798 walikuwa wakitoa fedha zao mfukoni ili watishwe na mizuka gizani, na baadaye Robespierre mwenyewe akawa mmoja wa mizuka hiyo.

Aliyewauzia hofu ni Étienne-Gaspard Robert, mzaliwa wa Liège, mtu wa fizikia aliyejipa jina la Robertson. Hakuwa wa kwanza. Mwanamazingaombwe aliyeitwa Philidor alishaonyesha mambo ya aina hiyo hapo hapo Paris miaka mitano nyuma, lakini Robertson ndiye aliyeukamilisha mchezo uliojulikana kama fantasmagoria. Taa yake ya picha ilikaa juu ya magurudumu, nyuma ya kitambaa chepesi kilichopakwa nta, mahali ambapo watazamaji hawakuiona. Picha zilichorwa juu ya vioo, na sehemu yote iliyozunguka umbo ikapakwa rangi nyeusi, hivyo umbo lilielea gizani bila ukingo wowote. Taa ikirudishwa nyuma, mzuka ulikua. Ikisogezwa karibu na kitambaa, ulinywea. Lenzi ilirekebishwa kadiri taa ilivyotembea ili picha ibaki wazi, na magurudumu yalivishwa kitambaa yasitoe sauti. Aliyekaa kwenye kiti chake hakuona taa inayorudi nyuma. Aliona kichwa kinamjia.

Mwandishi wa gazeti la L'Ami des Lois alisimulia onyesho moja la mwaka 1798. Mtu aliomba aletewe Marat, mwanamapinduzi aliyechomwa kisu ndani ya beseni la kuogea. Robertson akamwaga motoni glasi mbili za damu na chupa ya asidi, akaongeza nakala mbili za gazeti la siasa kali, na Marat akaibuka na kofia yake nyekundu. Mwingine akaomba aletewe Mfalme Louis wa 16, ambaye Mapinduzi yalimkata kichwa. Ombi hilo lilikuwa na mtego, na Robertson akalikwepa kwa werevu: dawa ya kazi hiyo, alisema, alikuwa nayo zamani, lakini imempotea. Hata hivyo serikali haikucheka, na maonyesho yalisimamishwa kwa muda.

Mwaka uliofuata Robertson alihamia kwenye iliyokuwa konventi ya masista Wakapuchini, karibu na uwanja wa Vendôme. Mgeni alipitishwa kwanza kwenye ukumbi wa majaribio ya fizikia, akaonyeshwa maajabu ya umeme na vioo, kisha akaingizwa kwenye chumba kilichotandikwa nguo nyeusi. Taa pekee ikazimwa. Ngurumo, kengele, na sauti ya ala ya vioo vinavyosuguliwa kwa vidole vyenye maji.

Jambo la ajabu ni kwamba Robertson aliwatangazia wazi kuwa mizuka haipo, na kwamba kazi yake ni kuuvunja ushirikina kwa elimu. Wengi humwona mnafiki kwa hilo. Mimi naona alikuwa fundi aliyeijua biashara yake, kwa kuwa anayeamini kabisa kwamba Marat amefufuka hawezi kustarehe. Atakimbia au atapiga magoti. Aliyehakikishiwa kuwa ni mchezo ndiye anayeweza kuuachia mwili utetemeke. Baadaye Robertson aliwashtaki waliokuwa wasaidizi wake kwa kumwiga, na siri zote za taa zikaanikwa mahakamani. Waigaji wakaongezeka, na watazamaji wakaendelea kuja.

Edmund Burke, Mwairishi, aliligusa jambo hili mwaka 1757: hatari ikikubana mno ni mateso matupu, ikikaa mbali kidogo huweza kuleta raha. Burke alikuwa na kalamu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walikuwa na vipima mapigo ya moyo, wakawavalisha watu 110 walioingia nyumba ya vitisho mjini Vejle. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yanasema raha hupanda pamoja na hofu, hufika kilele, kisha huporomoka hofu ikipita kiasi. Anayeuza vitisho, basi, anauza kipimo.

Waliokijua kipimo hicho kuliko wote ni watu wa Grand-Guignol, ukumbi wa maigizo wa Paris uliofunguliwa 1897 katika kanisa dogo la zamani, mtaa wa Chaptal, na Oscar Méténier, aliyewahi kuwa karani wa polisi. Viti havikufika 300, na malaika wa mbao walibaki wakitazama kutoka juu. Max Maurey, aliyeushika ukumbi mwaka uliofuata, alipima mafanikio kwa idadi ya waliozirai, akaajiri daktari wa zamu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja mwanamume alimwita daktari huyo aje amhudumie mkewe, akaambiwa daktari naye amezirai. Huenda Maurey mwenyewe ndiye aliyeisambaza hadithi hiyo. Ilikuwa tangazo zuri.

Ratiba ya usiku haikuwa ya damu mfululizo. Mchezo mfupi wa kutisha ulifuatiwa na wa kuchekesha, kisha wa kutisha tena, mpaka mtu hakujua mwili unatetemeka kwa lipi. Mwandishi mkuu wa michezo hiyo, André de Lorde, mchana alikuwa mkutubi katika maktaba ya Arsenal. Mshirika wake katika michezo kadhaa alikuwa Alfred Binet, yule yule mwanasaikolojia ambaye mwaka 1905 alitoa na mwenzake Simon kipimo cha akili za watoto. Mwaka huo huo de Lorde na Binet walitoa mchezo kuhusu baba anayeandamwa na wazo la kumuua mwanawe. Hamna jini wala mzuka. Kuna ugonjwa wa akili tu. Karne moja baada ya Robertson kuwacheka wanaoogopa makaburi, hofu ilikuwa imehamia kichwani.

Ukumbi ulifungwa Novemba 1962. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi, na ambayo mkurugenzi wa mwisho mwenyewe aliyatoa, ni kwamba baada ya Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, hakuna damu ya jukwaani iliyoweza kumtisha mtu. Siyakubali kirahisi. Wafaransa zaidi ya milioni 1.3 walikufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na miaka ya 1920 ikawa ya neema kwa Grand-Guignol, mwigizaji Paula Maxa akiuawa jukwaani usiku baada ya usiku. Hata mizuka ya Robertson ilinawiri juu ya makaburi mabichi. Nashuku zaidi sinema. Nguvu ya ukumbi ule ilikuwa udogo wake: aliyeketi mbele aliona kisu na jasho. Mwongozaji Clouzot alipotoa filamu ya Les Diaboliques mwaka 1955, na Franju Les Yeux sans visage mwaka 1960, kamera iliweza kumsogeza mtazamaji karibu na uso kuliko kiti chochote cha mtaa wa Chaptal, tena kwa maelfu ya watu kwa usiku mmoja. Kwenye ukumbi wenyewe, damu ya rangi ilikuwa imeanza kuchekwa.