Koki ya Chini ya Filta

Lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita ya dizeli haifiki gramu 900, na ya petroli ni nyepesi zaidi. Ndiyo maana maji yakiingia kwenye tangi hutuama chini kabisa, karibu na mdomo wa bomba la kunyonyea. Gari linaanza kumisi, kisha linazima.

Mkoa wa Mara umeujua ugonjwa huu kwa sababu zake. Katika miaka ya 1960 meli za Umoja na Uhuru zilivusha mabehewa ya treni katika Ziwa Victoria, na Musoma ilikuwa moja ya bandari zake. Kisha usafirishaji ukawa mgumu: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya, kituo cha Sirari kikiwemo, ukafungwa hadi 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja Vita vya Kagera, na bei ya mafuta duniani ikapaa. Nchi nzima mafuta yakawa ya kuwekwa akiba.

Na akiba ya pipa ina kasoro yake. Pipa lisilojaa hupumua: jua likiwaka hewa inatoka, usiku unyevu unaingia na kuwa matone. Likisimamishwa nje, mvua hutuama juu ya kifuniko na kunyonywa ndani. Mwenye akili hulilaza.

Dawa ya zamani ilikuwa subira. Mafuta yaliachwa yatulie usiku kucha, yakanyonywa kwa mpira kutoka juu, petroli ikachujwa kwa ngozi laini iliyoloweshwa petroli kwanza, nayo ikazuia maji. Kwa dizeli, fundi alifungua koki ya filta, akamwaga, kisha akatoa upepo kwa pampu ya mkono.

Baadaye vita vikawa dhidi ya mafuta yaliyochanganywa: mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianzisha vinasaba vya mafuta, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua uchakachuaji. Hatua nzuri, ila vinasaba vinamkamata mchanganyaji wa mafuta ya taa, si matone ya mvua. Tangi la sheli bado hupimwa kwa kijiti kilichopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji.

Injini mpya za dizeli hazina uvumilivu wa Land Rover kuukuu: nozeli zake hulainishwa na dizeli yenyewe, na maji huzitia kutu. Kwa hiyo gari likizimikia Bunda au Makutano, njia panda ya Butiama, ufunguo usizungushwe tena kabla koki haijafunguliwa juu ya chupa angavu.