Waliorudi Nyumbani Wagonjwa

Simba wa Tsavo kila mtu anawajua. Namba 2,493 wanaijua wachache. Hao ndio vibarua kutoka India walioandikwa kuwa walikufa wakijenga reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, kutoka Mombasa mpaka Kisumu kupitia Makindu. Watu hupenda kuigawa namba hiyo kwa urefu wa reli: wafu wanne hivi kwa kila maili. Inashtua, lakini haijibu swali la kibarua mwenyewe: nikitia kidole kwenye mkataba wa miaka mitatu, nina nafasi gani ya kuumaliza nikiwa hai?

Haya, tujaribu. Walioletwa walikuwa 31,983. Ukigawanya, kama asilimia 8 walikufa. Imeisha? Bado. Hawa watu hawakufika siku moja wala kuondoka siku moja. Na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa. Aliyefia kijijini Punjab miezi miwili baadaye, daftari la reli lina habari gani naye?

Mwaka 1958, Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha njia ya kuhesabu watu wa aina hii, wanaotoka machoni kabla hatujajua mwisho wao. Wazo lenyewe si gumu. Chukua kambi ya kubuni yenye vibarua 10. Mwezi wa tatu, mmoja anafariki: wamebaki 9 kati ya 10, yaani 0.9. Mwezi wa tano, wawili wanarudishwa India. Hatuwaiti wafu, hatuwaiti wazima. Tunawatoa tu kwenye hesabu kuanzia hapo. Mwezi wa sita, mmoja kati ya 7 waliobaki anafariki: 6 kwa 7. Zidisha 0.9 kwa 6/7, unapata 0.77. Nafasi ya kuvuka miezi sita ni asilimia 77, si 80 kama ungehesabu makaburi mawili tu.

Lakini njia hii ina sharti: anayeondoka awe na hatari sawa na anayebaki. Kama wale wawili waliondoka kwa sababu walikuwa mahututi, na wote walifia njiani, jibu la kweli ni 6 kati ya 10. Asilimia 60. Hapo ndipo wale 6,454 wanapouma.

Vibarua 6,724 waliamua kubaki huku. Alama za Wahindi wa reli bado tunaziona: hekalu la Singasinga la Makindu, lililojengwa 1926, hulisha wasafiri bure hadi leo. Ila zile takwimu ni za Wahindi peke yao. Waafrika waliofyeka pori na kubeba mizigo hawamo. Na hapo Kaplan na Meier hawatusaidii kitu. Aliyeondoka njiani unaweza kumpa nafasi yake kwenye hesabu, kwa sababu mtu aliandika siku aliyofika. Ambaye hakuandikwa kabisa, utaanzia wapi?