Sahani Isiyo na Aibu

Leo tutoke kidogo nje ya visiwa vyetu, twende Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini ya Uingereza.

Mwaka 1894 Margaret McMillan aliingia kwenye bodi ya skuli ya mji huo. Alikuta watoto wanalazimishwa na sheria kuja skuli, lakini wengi wanakuja na njaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kumsomesha mtoto mwenye tumbo tupu ni kumtesa. Mwenzake Fred Jowett alipochaguliwa mbunge mwaka 1906, aliifikisha hoja hiyo Bungeni, na mwaka huohuo ikapita sheria ya kuziruhusu halmashauri kuwalisha wanafunzi.

Mwaka 1907 Bradford wakafanya majaribio katika skuli ya Green Lane. Watoto 40 walipewa kifungua kinywa na chakula cha mchana, na wakawa wanapimwa uzito. Uzito ukapanda. Ilipofika likizo fupi na chakula kikasimama, ukashuka. Mzani ulimaliza ubishi.

Lakini kuna kifungu kimoja cha sheria ile ambacho mimi kimenigusa zaidi. Zama hizo, mtu aliyepokea msaada wa maskini aliweza kupoteza haki ya kupiga kura. Sheria ya 1906 ikasema mzazi asiyeweza kulipia chakula cha mtoto wake asinyang'anywe kura. Huyo alikuwa baba, maana akina mama hawakuwa na kura ya ubunge kabisa. Muhimu ni kwamba tangu mwanzo walijua njaa ina dada yake, naye ni aibu.

Mwaka 1944 kutoa chakula skuli kukawa wajibu wa kila halmashauri. Mwaka 1980 wajibu huo ukapunguzwa, wakabaki zaidi watoto wa familia zinazopokea misaada ya serikali. Hapo aibu ikarudi kwa mlango mwengine. Skuli nyengine zilitoa tiketi za rangi tofauti, nyengine zikaweka foleni mbali, na darasa zima likajua nani kwao hali ngumu. Na kabla ya yote, mzazi lazima ajaze fomu. Asiyejua kusoma vizuri, anayeona haya, au asiyejua kama anastahili, mtoto wake anakaa na njaa na jikoni chakula kipo.

Dawa mbili zimejaribiwa. Ya kwanza ni kumpa kila mtoto: tangu Septemba 2014 wanafunzi wote wa madarasa matatu ya mwanzo Uingereza wanakula bure, na London ikaongeza msingi yote mwaka 2023. Ya pili, baadhi ya halmashauri zinaangalia kumbukumbu walizonazo za familia zinazopokea misaada na kumwandikisha mtoto wenyewe, isipokuwa mzazi akatae.

Sisi tunapochangishana kwa ajili ya uji wa skuli, huwa tunauliza nani atapika na sukari kilo ngapi. Tuongeze na swali hili: mtoto wa jirani yetu atalifikia bakuli lake bila ya kunyooshewa kidole? Kama jibu ni hapana, kazi yetu bado haijesha, hata sufuria ikijaa.