Mji wa Ferguson na wakaaji wake

Katika jimbo la Missouri, katikati ya nchi ya Marekani, kuna mji mdogo uitwao Ferguson. Uko kando ya mji mkubwa wa Saint Louis, upande wa kaskazini. Mwaka 1970 karibu wakaaji wake wote, yapata 99 katika kila mia, walikuwa Wazungu. Mwaka 2010, katika kila watu mia wa mji huo, 67 walikuwa watu weusi, na Wazungu 29 tu. Miaka 40 ilitosha kuugeuza mji mzima.

Wengi wakisikia hesabu hiyo husema: «Ndiyo tabia ya binadamu, kila mtu apenda kukaa na wenzake.» Je, ni kweli? Tufuate historia ya mahali pale, nasi tutaona kama neno hilo latosha.

Saint Louis ulianzishwa mwaka 1764 na wafanya biashara Wafaransa, wakaupa jina la Mtakatifu Ludoviko, mfalme wao. Katika kijiji cha Florissant, jirani ya Ferguson ya leo, walifika mwaka 1823 Wayezuiti kutoka Ubelgiji, na mmoja wao alikuwa Pierre-Jean De Smet, aliyejulikana baadaye kwa safari zake kati ya Wahindi wa Marekani. Ferguson yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya gari la moshi. Mwaka 1855 mwenye shamba mmoja, William Ferguson, aliwapa watu wa reli sehemu ya ardhi yake kwa sharti wajenge stesheni na kuiita kwa jina lake. Mwaka 1894 mahali pale pakawa mji wenye baraza lake.

Msomaji afahamu kwamba huko Marekani mji wa kando si lazima uwe mahali pa maskini. Kwa miaka mingi ilikuwa kinyume. Wenye mali kidogo walikimbia moshi na kelele za mji mkubwa, wakajenga nyumba zenye bustani, na asubuhi wakapanda treni kwenda kazini. Tena, mwaka 1876 Saint Louis ulijitenga na wilaya iliyouzunguka. Tangu hapo wilaya ilijaa miji midogo midogo, hata ikapata miji 90 hivi, na mingi yake ilikuwa na askari wake na kodi yake. Neno hili tulishike, maana litarudi.

Watu weusi wengi walitoka katika majimbo ya kusini, kama Mississippi, wakaja Saint Louis kutafuta kazi katika viwanda. Wapate nyumba wapi? Mwaka 1916 wapiga kura wa Saint Louis walikubali sheria iliyomkataza mtu kuhamia mahali ambapo robo tatu ya wakaaji ni wa rangi nyingine. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa sheria za namna hiyo. Basi, watu wakatafuta njia nyingine. Wenye nyumba wa mtaa mmoja waliandikiana mkataba wa kutomwuzia mtu mweusi nyumba yoyote kwa miaka mingi. Serikali kuu nayo, tangu mwaka 1934, ilidhamini mikopo ya kununua nyumba, lakini ilikataa kudhamini katika mitaa ya watu weusi. Mzungu mfanya kazi aliweza kupata mkopo wa nyumba mpya katika mji wa kando. Mwenzake mweusi, mwenye mshahara uleule, hakuweza.

Mwaka 1945 Bwana J. D. Shelley na mkewe Ethel, watu weusi wenye watoto sita, walinunua nyumba huko Saint Louis katika mtaa wenye mkataba wa namna hiyo. Majirani walitaka wafukuzwe, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Mwaka 1948 ilihukumiwa kwamba hakuna mahakama ya serikali iwezayo kuutia nguvu mkataba wa namna hiyo.

Kanisa nalo lilijaribiwa. Mwaka 1947 Askofu Mkuu wa Saint Louis, Joseph Ritter, aliamuru watoto weusi wapokelewe katika shule zote za Kikatoliki pamoja na watoto Wazungu. Wazazi Wakatoliki mia kadhaa walikasirika, wakataka kumshtaki mahakamani. Askofu Mkuu aliwaonya kwamba wakifanya hivyo watakuwa wamejitenga na Kanisa. Wakaacha. Hayo yalifanyika miaka saba kabla Mahakama Kuu haijahukumu, mwaka 1954, kwamba kutenga wanafunzi kwa rangi ni haramu katika shule za serikali.

Lakini mtoto aweza kusoma pamoja na mwenzake, kisha jioni kila mmoja akarudi upande wake. Jirani kabisa ya Ferguson kulikuwa na mji wa Kinloch, mji wa watu weusi. Mwaka 1937 Wazungu waliokaa sehemu ya Kinloch walijitenga, wakafanya mji wao wa Berkeley, ili wawe na shule zao peke yao. Kinloch ikabaki na watoto wengi na kodi haba. Kati ya Kinloch na Ferguson barabara kubwa ilifungwa kwa mnyororo. Njia nyingine iliachwa wazi mchana, ili wanawake weusi waende kufanya kazi katika nyumba za Wazungu. Usiku mtu mweusi hakutakiwa kuonekana Ferguson. Hali hiyo ilidumu hata miaka ya 1960. Basi, ile hesabu ya 99 katika kila mia haikutokea kwa tabia ya watu tu, kwa maana mlango ulikuwa umefungwa.

Mlango ulifunguliwaje? Mwaka 1968 Baraza la Taifa la Marekani lilitoa sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Mwaka uleule Mahakama Kuu ilimpa haki Joseph Lee Jones, aliyenyimwa nyumba kwa sababu ya rangi yake katika wilaya hiyohiyo ya Saint Louis. Wakati huohuo mitaa mingi ya watu weusi mjini ilikuwa imebomolewa. Nyumba kubwa za serikali ziitwazo Pruitt-Igoe, majumba 33 yaliyofunguliwa tangu mwaka 1954, zilianza kuangushwa mwaka 1972. Baadaye uwanja wa ndege ulinunua nyumba nyingi za Kinloch kwa sababu ya kelele za ndege, hata mwaka 2010 wakaaji wa Kinloch hawakufika 300. Watu hao wote walihitaji pa kukaa. Wengi walikuja Ferguson na miji jirani, ambako nyumba hazikuwa ghali.

Si kila mji uliwapokea. Mwaka 1969 Wakristo fulani walitaka kujenga karibu na Florissant nyumba za watu wenye mshahara mdogo, weusi kwa Wazungu. Wenyeji waliharakisha kufanya mji mpya, Black Jack, mwaka 1970, na baraza lake likakataza nyumba za kupangisha familia nyingi. Mwaka 1974 mahakama ililaumu tendo hilo, lakini fedha za kujengea zilikuwa zimekwisha kupotea.

Huko Ferguson, watu weusi walikuwa 14 katika kila mia mwaka 1980, 25 mwaka 1990, 52 mwaka 2000. Kadiri walivyoingia, Wazungu wengi walihama kwenda mbali zaidi, hata ng'ambo ya mto Missouri. Wakaaji waligeuka upesi, lakini utawala haukugeuka. Mwaka 2014 mkubwa wa mji, yaani meya, alikuwa Mzungu, na katika madiwani sita mmoja tu alikuwa mweusi. Askari walikuwa zaidi ya 50, na weusi kati yao hawakufika watano.

Tarehe 9 Agosti 2014 askari Mzungu alimpiga risasi kijana mweusi wa miaka 18, Michael Brown, akafa. Mji ukawaka hasira, na habari zake zikaenea duniani kote. Askari yule hakushtakiwa. Lakini serikali kuu ilichunguza mji wenyewe, na mwezi wa Machi 2015 ikatangaza iliyoyaona: katika kila watu mia waliokamatwa na polisi wa Ferguson, 93 walikuwa weusi. Mji ulitegemea faini kujaza sanduku lake. Mwaka 2010 ulipata kwa njia hiyo dola 1,380,000, na kwa mwaka 2015 ulitazamia zaidi ya dola milioni 3. Hapo twaona matunda ya ile miji midogo mingi yenye kodi haba: fedha zilitafutwa mifukoni mwa maskini.

Aprili 2015 watu walikwenda kupiga kura kwa wingi kuliko mwaka uliotangulia, na madiwani weusi wakawa watatu katika sita. Juni 2020 Bibi Ella Jones alichaguliwa kuwa meya, mtu mweusi wa kwanza na mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo.

Basi, wapenzi wasomaji, tukisikia kwamba mtaa fulani ni wa taifa hili na mtaa mwingine ni wa kabila lile, tusiseme upesi kwamba ni tabia yao. Tuulize kwanza: Nani aliruhusiwa kujenga hapa? Nani alinyimwa mkopo? Barabara hii ilifungwa lini, na kwa amri ya nani? Na wale wakaao hapa leo, je, wana sauti katika baraza linalowatawala? Watu wa Ferguson walichelewa kuulizwa maswali hayo, na kuchelewa huko kuliwagharimu sana.