Kutoa Kizazi: Historia ya Ugumba, Makovu ya Nyonga na Uamuzi wa Mwanamke katika Eneo la Kisangani

1. Utangulizi

Neno kizazi katika Kiswahili lina maana mbili ambazo msemaji hazitenganishi kila mara. Kizazi ni kiungo cha mwanamke ambamo mimba hukaa na kukua. Kizazi vilevile ni watu wanaotokana na mtu au ukoo fulani. Kwa hiyo daktari anapomwambia mgonjwa kwamba pengine itabidi kutoa kizazi, yeye huenda akawa anataja kiungo tu, ilhali mgonjwa na jamaa waliomsindikiza wanasikia habari ya ukoo mzima. Mjini Kisangani, ambako Kiswahili huishi bega kwa bega na Lingala, na daktari akajifunzia kazi yake kwa Kifaransa, maana hizo mbili hukutana katika chumba kimoja cha hospitali.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini uamuzi wa kuondoa kizazi kwa sababu ya maumivu ya nyonga una uzito wa pekee katika eneo hili, ambalo tangu mwaka 2015 ni mkoa wa Tshopo. Hoja yetu ni kwamba uzito huo hautokani na kile kinachoitwa kwa wepesi "mila". Unatokana pia na historia ya takriban miaka mia moja, ambamo maradhi, serikali ya kikoloni, hospitali za misheni na sheria za ndoa vililifanya tumbo la mwanamke kuwa shauri la watu wengi, na mwenye tumbo akawa wa mwisho kuulizwa.

2. Maradhi yenyewe

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema kueleza ugonjwa unaozungumziwa. Ndani ya tumbo, viungo vya uzazi, utumbo na kibofu hufunikwa na utando laini unaoviwezesha kuteleza kimoja juu ya kingine. Utando huo ukijeruhiwa, ama kwa uambukizo, ama kwa damu iliyovuja, ama kwa kisu cha mpasuaji, mwili hutoa nyuzinyuzi za kuziba jeraha. Mara nyingi nyuzi hizo huyeyuka baada ya siku chache. Zisipoyeyuka hugeuka makovu yanayoshikamanisha viungo: mrija wa uzazi hunata kwenye ovari, ovari kwenye utumbo, na kizazi kwenye kibofu. Mirija ikizibwa, mimba haitungwi. Viungo vikivutana, mwanamke huweza kuumwa wakati wa hedhi, wakati wa tendo la ndoa, au siku zote.

Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki huyaita chango maumivu ya tumbo yanayomsokota mwanamke na kuhusishwa na kukosa mimba. Jina hilo halikutokana na elimu ya darubini, lakini limeunganisha mambo mawili ambayo tiba ya kisasa nayo huyaunganisha, yaani maumivu na ugumba. Tofauti iko katika chanzo. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati chanzo kikuu cha makovu hayo kilikuwa uambukizo, hasa kisonono na klamidia, pamoja na uambukizo unaofuata kujifungua au mimba kuharibika. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1985, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wa Afrika waliochunguzwa kwa kukosa mimba, zaidi ya asilimia 80 walikuwa na kasoro zilizotokana na uambukizo. Kiwango hicho kilipita kwa mbali kile cha nchi zilizoendelea.

3. Ukanda wa ugumba

Wataalamu wa idadi ya watu wamezoea kutaja ukanda wa uzazi mdogo unaoanzia Gaboni na Kameruni, ukapita Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini ya Kongo, hadi kusini-magharibi ya nchi iliyokuwa Sudani. Kisangani, iliyoitwa Stanleyville wakati wa Wabelgiji, imo katika eneo hilo. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanywa katika Kongo ya Kibelgiji kuanzia mwaka 1955, na kufafanuliwa na Anatole Romaniuk katika kitabu chake cha mwaka 1967, ulithibitisha jambo ambalo wamisheni na maofisa walikuwa wakililalamikia kwa miongo kadhaa: katika wilaya nyingi za Équateur na Orientale, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano waliomaliza umri wa kuzaa hakuwahi kupata mtoto hata mmoja.

Malalamiko hayo ya wakoloni yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tume ya kuwalinda wenyeji ilionya mwaka 1919 kwamba watu wanapungua. Padri Boelaert aliandika juu ya kupungua kwa Wamongo mwaka 1946. Huko Befale, katika Équateur, palianzishwa hata zahanati ya kuchunguza ugumba. Hapana shaka baadhi ya waandishi hao walisukumwa na huruma. Hata hivyo koloni lilihitaji mikono ya kuvuna mawese, kulima pamba na kubeba mizigo, na mwanamke asiyezaa alihesabiwa kuwa hasara. Nancy Rose Hunt, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya Équateur, ameonyesha jinsi kumbukumbu ya ukatili wa zama za mpira ilivyoambatana na habari za ugumba, na jinsi serikali ilivyowatazama watu hao kwa jicho la wasiwasi na la kuhesabu kwa wakati mmoja.

Sababu zilizotolewa wakati huo zilikuwa nyingi: uchovu wa kabila, dawa za kutoa mimba, uzinzi, ndoa za wake wengi. Karibu zote zilimtwika mwanamke lawama. Anne Retel-Laurentin, aliyekuwa daktari na mtafiti wa jamii miongoni mwa Wanzakara kaskazini ya mto Bomu, alieleza katika maandishi yake ya miaka ya 1970 mzunguko wenye kuhuzunisha. Maradhi huleta ugumba. Ugumba huvunja ndoa. Kuvunjika kwa ndoa humpeleka mwanamke kwa mume mwingine. Na maradhi hupata njia mpya ya kuenea. Tabia iliyodhaniwa kuwa chanzo ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, tokeo.

Penisilini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa kampeni za sindano dhidi ya buba katika miaka ya 1950, uzazi ulianza kupanda. Romaniuk alilieleza ongezeko hilo katika makala yake ya mwaka 1980. Lakini hapa pana jambo ambalo takwimu hazilitamki. Penisilini huua vijidudu. Haifungui mrija uliokwisha kuziba wala haiyeyushi kovu. Wasichana walioponywa mapema walizaa. Mama zao wadogo na dada zao wakubwa, waliougua kabla sindano haijafika, walibaki kama walivyokuwa. Twaweza kudhani kwamba upweke wao ulizidi, kwa kuwa mwanamke asiye na mtoto hakuwa tena mmoja kati ya wengi. Nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2013–2014 ulikadiria wastani wa watoto 6.6 kwa mwanamke ilikuwa imewasahau waliotangulia.

4. Yakusu na kisu cha daktari

Kilomita chache chini ya Kisangani, kando ya mto, iko Yakusu, kituo cha Wabaptisti wa Uingereza katika nchi ya Walokele. Daktari Clement Chesterman alifika hapo mwaka 1920. Alipambana na malale, akajenga hospitali na kuwafunza wauguzi wa kiume wa Kiafrika. Stanley Browne alifuata mwaka 1936, akajulikana baadaye kwa kazi yake juu ya ukoma. Historia ya uzazi katika hospitali hiyo imeandikwa na Hunt katika kitabu chake cha mwaka 1999.

Mchango mkubwa wa kitabu hicho, kwa maoni yetu, ni kuonyesha kwamba wenyeji hawakuipokea hospitali kama karatasi tupu. Waliitafsiri kwa msamiati waliokuwa nao: habari za jando la Walokele liitwalo libeli, hofu ya watu wanaokula watu, na fikra juu ya miili inayokatwa na kufunguliwa. Chumba cha upasuaji kilikuwa mahali ambapo mtu aliingia akilala kama maiti na kutoka na alama mwilini. Aliyetoka akiwa hai aliipandisha hadhi ya daktari. Aliyetoka bila uwezo wa kuzaa alizua maswali ambayo daktari hakuyasikia, kwa kuwa hayakuulizwa kwa lugha yake.

Kati ya daktari na mgonjwa alisimama muuguzi au mkunga wa Kiafrika. Huyo ndiye aliyefasiri. Tukumbuke kwamba Kiswahili kilifika maporomoko haya pamoja na misafara ya waungwana, na Tippu Tip alifanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887. Wamisheni wa Yakusu walifundisha kwa Kilokele. Lingala ilipanda mto pamoja na askari. Na ripoti za serikali ziliandikwa kwa Kifaransa. Kufasiri kwa kuondoa kiungo hiki au kile katika lugha hizo haikuwa kazi ya kamusi tu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kitenzi kutosha hutumika mahali ambapo wa pwani wangesema kutoa. Mgeni kutoka Mombasa, ambaye kwake kutosha ni kukidhi haja, akiwasikia watu wakizungumza juu ya kutosha kizazi angeweza kuelewa kinyume kabisa.

5. Mwanamke asiye na mtoto mjini

Katika jamii zinazotumia Kiswahili, mwanamke hupata jina jipya kwa mtoto wake wa kwanza: huitwa Mama Fulani. Asiyezaa huitwa kwa jina lake la usichana, au kwa jina la kasoro yake: mgumba au tasa kwa Kiswahili, ekomba kwa Lingala. Wengi waliopewa talaka kwa sababu hiyo waliingia mijini. Huko serikali ya Kibelgiji iliwakuta na kuwatafutia jina la tatu: iliwaandika kuwa wanawake "waishio peke yao kwa nadharia", ikawatoza kodi. Mfano uliochunguzwa vizuri unatoka Usumbura, ambako katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, wajane na waliotalikiwa, waliipinga kodi hiyo kwa kuwa iliwafanya wote waonekane makahaba. Hivyo ugonjwa wa mirija ulihama kutoka mwilini hadi katika daftari la kodi, na huko ukaitwa mwenendo mbaya.

6. Nani aamue?

Baada ya uhuru swali la ridhaa liliendelea kwa sura nyingine. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, na kifungu chake cha 448 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe katika mambo ya kisheria yanayomfunga yeye binafsi. Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliondoa sharti hilo na kuweka badala yake makubaliano ya mume na mke. Hata hivyo mazoea ya miaka thelathini hayafutwi kwa siku moja, wala kifungu cha 448 hakikuzungumzia upasuaji. Kilichojengeka ni desturi ya kumtafuta mume, baba mkwe au kaka kabla ya kumwuliza mgonjwa.

Desturi hii inaumiza zaidi katika suala la makovu ya nyonga, kwa sababu hapo hakuna jibu moja. Kizazi kikipasuka wakati wa kujifungua na damu isizuilike, daktari hana nafasi ya mjadala; anaokoa maisha. Lakini mwanamke mwenye maumivu ya muda mrefu yuko katika hali tofauti, na ana haki ya kuelezwa mambo matatu kwa lugha anayoielewa.

Kwanza, kuondoa kizazi huenda kukampunguzia maumivu au kusimpunguzie. Yakiwa yanatoka katika kizazi chenyewe, matumaini ni makubwa zaidi. Yakiwa yanatoka katika utumbo ulionata, kiungo kitaondoka na maumivu yatabaki. Pili, kila upasuaji wa tumbo huweza kuzaa makovu mapya. Uchunguzi wa Uskoti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya waliopasuliwa tumbo au nyonga walirudi hospitali katika miaka kumi iliyofuata kwa matatizo yaliyohusiana, au yaliyoweza kuhusiana, na makovu hayo. Hata kuyakata makovu si dawa ya uhakika: jaribio la Uholanzi la mwaka 2003 halikupata tofauti kati ya wagonjwa waliokatwa makovu na wale waliochunguzwa tu kwa darubini ya tumboni. Tatu, mirija iliyoziba si sawa na kizazi kilichoondolewa. Lesley Brown, mama wa mtoto wa kwanza aliyezaliwa kwa mimba iliyotungwa nje ya mwili, mwaka 1978, mirija yake ilikuwa imeziba. Alichokuwa nacho ni kizazi. Njia hiyo ni ghali na iko mbali na wakazi wengi wa Tshopo, lakini anayesaini karatasi anastahili kujua ni mlango upi anaoufunga.

Wala tusigeuze mambo haya kuwa sababu ya kumkataza. Yupo mwanamke aliyekwisha kupima, aliyechoka kuugua, ambaye kwake kuondoa kizazi ni kurudishiwa siku zake. Kumzuia kwa jina la ukoo ni kumtendea walivyomtendea maofisa waliomhesabu kwa idadi ya watoto. Siri ya mtungi aijuaye kata.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hofu ya kutoa kizazi katika eneo la Kisangani ina mizizi katika maradhi yaliyoacha makovu mwilini, na katika taasisi zilizoyapa makovu hayo majina ya aibu. Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, hapa pana kazi. Maneno mji wa mimba na mfuko wa uzazi yapo, na hayabebi maana ya ukoo kama neno kizazi linavyobeba. Muuguzi akisema "tutaondoa mfuko wa uzazi, ukoo wako hauguswi, na mwenye kuamua ni wewe", hatakuwa ameponya kovu lolote. Atakuwa amemfanya mgonjwa kuwa wa kwanza kuulizwa, jambo ambalo historia tuliyoipitia ilimnyima.