Baba, rika na kanisa: malezi ya imani na siasa Rungwe

Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa aliyezaliwa Lufingo, au kwingineko katika vilima vya Rungwe, mwanzoni mwa karne ya 20, alilala nyumbani kwa baba yake hadi umri wa miaka 10 au 11 tu. Baada ya hapo alihama. Hakwenda mbali: yeye na wavulana wa umri wake walijenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha wazazi, na hapo ndipo kilipoanza kijiji cha rika lao. Hapakuwa na jando wala kungwi. Mchana walilima mashamba ya baba zao, na ng'ombe wakawaachia wadogo zao wachunge. Wakati wa chakula walikwenda kwa kundi kutoka kwa mama wa mmoja hadi kwa mama wa mwingine. Usiku ulikuwa wao wenyewe.

Kwa sababu hiyo, ukiuliza Mnyakyusa wa zamani alipata wapi imani yake na msimamo wake katika mambo ya utawala, huwezi kujibu kwa kutaja nyumba ya wazazi peke yake. Imani ilipita katika ukoo, siasa ikapita katika rika. Familia ya baba, mama na watoto waliokaa pamoja, wakasali pamoja na kuchukua msimamo mmoja, ni jambo jipya Rungwe. Ilitengenezwa hatua kwa hatua na misheni, mazao ya biashara na shule.

Mengi yanayojulikana kuhusu vijiji hivyo yametoka kwa Godfrey na Monica Wilson, mume na mke waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kilivitangaza vijiji vya rika duniani kote. Baadaye wapo waliotilia shaka picha hiyo, akiwemo S. R. Charsley mwaka 1969, wakihoji kama kweli utaratibu ulikuwa mkongwe na imara kama ulivyoelezwa. Shaka hiyo ina uzito wake, kwani wakati Wilson anaandika, mambo yalikuwa tayari yanabadilika. Lakini kwamba vijana walijitenga na baba zao wakakaa rika kwa rika, hilo halina ubishi mkubwa.

Sababu iliyotolewa na wazee wenyewe ilikuwa heshima. Haikufaa mwana aliyekua asikie au aone mambo ya chumbani ya wazazi wake, na haikufaa kabisa baba akutane ana kwa ana na mke wa mwanawe. Mkwe alimkwepa baba mkwe maisha yake yote: alimpisha njiani, alijificha uso, na hata kutamka jina lake ilikuwa mwiko. Kwa miiko kama hiyo, baba na mwana kukaa kijiji kimoja kungekuwa adha ya kila siku.

Ndani ya kijiji cha rika kulikuwa na elimu ambayo baba hakuweza kuitoa. Wanyakyusa waliiita ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa wema: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza kwa adabu na kupokea hoja ya mwenzako bila kupandisha hasira. Aliyependa kula peke yake alitazamwa kwa jicho baya, na tuhuma ya uchawi haikuwa mbali naye. Kijana alijifunza kuongea mbele ya watu kwa sababu wenzake walimsikiliza au walimzomea. Alijifunza pia kwamba kiongozi ni mtu anayekubaliwa na wenzake. Hayo yote ni siasa, ingawa hapakuwa na mtu aliyeyapa jina hilo.

Kilele chake kilikuwa ubusoka, sherehe ya rika jipya kutoka na kukabidhiwa nchi. Ilifanyika pale wakubwa wa rika walipokuwa wameshaoa na wana watoto, kwenye miaka ya thelathini na kitu. Wana wawili wa mtemi walitambuliwa kuwa warithi, nchi ikagawanywa pande mbili, moto mpya ukawashwa, na wakuu wa vijiji, amafumu, wakateuliwa. Hawa hawakutoka katika ukoo wa mtemi. Walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida, na kazi yao mojawapo ilikuwa kumkabili mtemi anapokosea na kuwalinda watu dhidi ya wachawi. Wazee walisogea pembeni. Kwa hiyo kila kizazi kilijua kwamba utawala hautaachwa mikononi mwa baba hadi afe, na kwamba zamu itafika.

Imani ilikuwa na njia nyingine. Mizimu ilikuwa ya ukoo, na aliyeweza kuiomba kwa niaba ya mtoto ni baba au mkubwa wa ukoo. Kuzaliwa, kuvunja ungo, ndoa na msiba vilikuwa na matambiko yaliyowakusanya watu wa damu moja, si wa rika moja. Baba aliyekasirishwa na mwanawe alihofiwa kuliko jirani, maana manung'uniko yake yalisemekana kuleta maradhi na utasa. Na kwa kuwa ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwake, hofu hiyo ilikuwa na mkono wa uchumi nyuma yake. Juu ya ukoo yalikuwepo matambiko makubwa ya nchi kwa mashujaa wa kale: ya Lwembe huko Lubaga, na ya Kyala kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Jina Kyala ndilo ambalo Wakristo walilichukua baadaye kumwita Mungu.

Binti hakuwa na kijiji cha rika. Alitoka kwa mama yake akaingia kwa mumewe, mara nyingi akiwa mdogo sana, na rika aliloishi nalo lilikuwa la mume. Huenda hali hiyo ilichangia wanawake kuipokea dini mpya kwa namna yao. Mtu wa kwanza kubatizwa na Wamoravian huko Rungwe alikuwa mwanamke, Fiabarema.

Wamoravian wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Walutheri wa misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza kazi upande mwingine wa Unyakyusa. Hapa historia ina kejeli yake. Kanisa la Moravian lenyewe lilikulia Herrnhut, Saxony, katika karne ya 18, chini ya kiongozi wake Zinzendorf, ambako waumini waligawanywa kwa umri, jinsia na hali ya ndoa: vijana wa kiume wakakaa nyumba yao, wasichana yao, wajane yao, na watoto wakalelewa na kanisa zaidi kuliko na wazazi. Wamisionari nao waliwapeleka watoto wao wadogo shule ya bweni ya Kleinwelka huko Ujerumani, wakakaa miaka mingi bila kuwaona. Watu hao ndio waliokuja kuwafundisha Wanyakyusa kwamba nyumba ya Kikristo ni baba, mama mmoja na watoto wao chini ya dari moja. Mwaka 1891 utaratibu wa Herrnhut ulikuwa umefifia, lakini haukuwa umesahaulika.

Waliobatizwa walihamia kwenye ardhi ya misheni na kuishi chini ya wazee wa kanisa. Pale kijiji hakikuwa tena cha rika moja. Mume alianza kula na mkewe na watoto, jambo ambalo jirani asiye Mkristo aliliona geni kabisa, na sala ya asubuhi na jioni ikawa kazi ya mwenye nyumba. Baba aliyekuwa mwombaji wa mizimu akawa mwombaji wa Kyala. Kazi yake ya kidini haikupotea, ilibadilishiwa anayeombwa.

Kilichogoma ni ndoa. Mtu mwenye wake kadhaa, au aliyerithi wajane wa kaka yake kama desturi ilivyomtaka, hakuweza kubatizwa bila kuwaacha. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendelea makanisa ya Waafrika wenyewe yalipoingia kutoka kaskazini mwa Nyasaland, likiwemo African National Church, yakiwapokea wenye wake wengi bila sharti hilo. Watu wengi wa umri wa makamo walioona kanisa la misheni limewafungia mlango walipata pa kuabudu.

Vita navyo vilisukuma imani kuingia nyumbani. Wajerumani waliondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakasimamia kazi kwa miaka kadhaa, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, kisha wakaondolewa tena vilipozuka vita vya 1939. Katika vipindi hivyo wazee, walimu wa vijijini na kina mama ndio waliolibeba kanisa. Watoto waliozaliwa wakati huo wakawa Wamoravian au Walutheri kwa sababu wazazi wao walikuwa hivyo, na hapo dhehebu likaanza kurithiwa kama ulivyorithiwa ukoo.

Uchumi ulimaliza kilichobaki cha kijiji cha rika. Vijana walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wakaenda migodi ya Rhodesia Kaskazini na ya Afrika Kusini, wakarudi na fedha za mahari zisizotoka zizini kwa baba. Halafu kahawa ikageuza mambo upande wa pili. Mkahawa hudumu shambani miaka mingi, na aliyeupanda hataki kuhama kumpisha rika lingine. P. H. Gulliver, aliyechunguza umiliki wa ardhi Unyakyusa miaka ya 1950, alikuta ardhi imekuwa haba na mashamba yanapita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwana alibaki karibu na shamba la baba, na kijiji cha rika kikakosa mahali pa kusimama.

Upande wa utawala, Waingereza walitaka watemi wachache wanaojulikana, si nchi inayogawanyika kila kizazi, na sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ikawaweka watemi hao katika daftari la serikali. Ubusoka ukabaki sherehe bila madaraka. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utemi wenyewe.

Hata hivyo siasa haikuhamia nyumbani kama imani ilivyohamia. TANU, iliyozaliwa 7 Julai 1954, iliwafikia vijana kupitia walimu, makarani, vyama vya ushirika na Umoja wake wa Vijana. Baada ya uhuru wakaja mabalozi wa nyumba kumi, Jeshi la Kujenga Taifa, na Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Kijana wa Lufingo alifundishwa siasa na jirani, mwalimu na wenzake wa darasa, karibu kama babu yake alivyofundishwa na wenzake wa kibandani.

Kwa kulinganisha, huko Marekani utafiti wa Kent Jennings na Richard Niemi ulioanza mwaka 1965 kwa wanafunzi wa mwisho wa sekondari na wazazi wao ulionyesha kwamba mtoto hurithi chama na dhehebu kwa nguvu, lakini maoni juu ya masuala ya siku kwa udhaifu. Kwa Rungwe, matokeo hayo yanafaa nusu tu. Dhehebu, ndiyo. Chama kilikuwa kimoja hadi 1992, kwa hiyo hapakuwa na cha kurithi zaidi ya utii.

Tangu vyama vingi virudi, majimbo ya Rungwe yameendelea kuchagua wabunge wa CCM, huku Mbeya Mjini, jiji lililojaa vijana waliotoka majimbo hayohayo, likimchagua Joseph Mbilinyi wa CHADEMA mwaka 2010 na 2015. Ni rahisi kusema kwamba shambani mtu hupiga kura na baba, na mjini hupiga kura na rika. Lakini tofauti za kipato, kazi na huduma kati ya jiji na kijiji nazo zinaeleza sehemu ya matokeo hayo. Katika dini nako urithi umelegea: makanisa ya Kipentekoste yamewavuta vijana wengi wa familia za Kimoravian na Kilutheri, na si ajabu sasa nyumba moja kugawanyika Jumapili asubuhi, wazazi wakienda ibada ya kanisa la zamani na watoto wakienda wanakosali wenzao.